Mikia ya Salamu

Kazini walimwita Mama Misumari, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kanda kutoka mstari wa mbele zilipoanza kufika kwa masanduku badala ya moja moja, alitafuta ubao, akaugongelea misumari minne, akauegemeza ukutani kando ya mashine. Tangu siku hiyo hakuhitaji saa. Aliuvuta utepe wa kanda, akauzungusha kwenye misumari ile mara mbili kamili, na mzunguko wa pili ulipoishia ndipo nusu dakika ilipoishia. Wembe ukapita. Kilichobaki, alichokiita mkia, kikaingia kikapuni.

Ngoja nieleze vizuri, maana wapo watakaouliza nusu dakika ya nini. Redio ilikuwa na kipindi chake kila siku saa kumi alasiri, kikiitwa Walio Mbali na Walio Nyumbani. Kilikuwa cha kuwaenzi askari, na kila Ijumaa kiliwaenzi waliobaki: waoka mikate, wauguzi, washona sare, mtu yeyote aliyekuwa akivibeba vita kwa mgongo wake bila bunduki. Sajenti mmoja alizunguka kambini na mashine ya kurekodia, akawapanga askari foleni, kila mmoja asalimie watu wake. Majina ya kweli marufuku, mahali marufuku, maana adui naye ana redio yake. Kwa hiyo mtu alijitaja kwa jina la utani na wa nyumbani wakamjua kwa sauti. Hewani kila mmoja alikuwa na nusu dakika, lakini sajenti hakuwa na roho ya kumnyamazisha mtu aliyekaa miezi bila kuona kwao. Aliwaacha waseme mpaka wamalize, ndipo akataja namba inayofuata. Ukatili wa kukata alimwachia mama wa watu huku mjini.

Na huyo mama alikuwa hasikii. Masikio alikuwa nayo mazima, aliweza kusikia jirani akigeuza chapati ng'ambo ya ukuta, ila alipokuwa kazini alikuwa hasikii kwa makusudi. Aliuendesha utepe kwa kasi, sauti za watu zikawa mlio tu, mpaka afike kwenye ule ukimya mdogo ambao sajenti aliuacha kabla ya kutaja namba. Hapo akatia alama kwa kalamu ya njano, akapima kwa misumari, akakata, akaunga, akaendelea. Askari arobaini kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa redio alimsifu mbele za watu, akasema chumba kile kinafanya kazi ya watu watatu. Alikuwa sahihi. Mtu mmoja asiyesikia anafanya kazi ya watatu wanaosikia.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa akiwasikiliza wote, mwanzo hadi mwisho, kisha anachagua pa kukata kwa huruma. Kilichomgeuza ni mwanawe.

Alikuwa naye huyo mmoja tu. Baba wa kijana alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na mama akamlea kwa mshahara wa chumba kile kile cha kukatia. Kijana akakua, akajiandikisha jeshini bila kumwambia. Habari aliipata kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye ua mmoja, na wifi mwenyewe aliisema huku akianika nguo, kwamba eti mwanao anaondoka Jumamosi, hukuambiwa? Mama Misumari aliingia ndani. Hakumsemesha kijana siku ile, wala kesho yake, wala iliyofuata. Alinuna mnuno wa mtu mzima, ambao ni mbaya kuliko wa mtoto kwa sababu hauna wa kuubembeleza.

Jumamosi asubuhi alikuwa jikoni, mikono kwenye beseni, mgongo mlangoni. Kijana akasimama nyuma yake na begi lake.

"Mama, naondoka."

Hakugeuka. Alikuwa ameshika sahani.

"Mama."

Alikuwa na mambo mia ya kusema, na hakuna hata moja lililokubali kutangulia. Akaendelea kuosha. Akasikia mlango. Alipokuja kupata akili, akakausha mikono na kutoka mbio mpaka barabarani, lori la askari lilikuwa limeshakata kona. Alirudi ndani na kuikuta ile sahani mezani, safi, na tangu siku hiyo hakuwahi kuilia chakula.

Miezi minane. Kwa shangazi yake kijana aliandika barua tatu. Kwa mama yake, hata moja. Wifi alizisoma barua zile uani kwa sauti, kila moja mara mbili, na zote zilimalizikia kwa "nisalimie wote."

"Si umesikia, wifi? Wote. Na wewe umo," wifi alisema.

"Nimesikia."

"Basi usikunje uso. Wote ni wengi."

Usidhani wifi alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye ulimi unaotangulia akili, basi. Lakini maneno yale yalimchoma Mama Misumari hata alipokuwa peke yake chumbani, na mara nyingi alikuwa peke yake chumbani. Mara nne alichukua karatasi amwandikie mwanawe. Mara nne aliandika "Mwanangu" na kuishia hapo, kwa sababu baada ya neno hilo palitakiwa kufuata maelezo ya ule mgongo, na maelezo hakuwa nayo. Akazichana. Jambo moja tu alitaka kulijua duniani: kama yule mtoto bado anamhesabu kuwa mama yake.

Miezi miwili ya kwanza alisikiliza kila kanda akiitafuta sauti yake. Roho ilimruka kila alipopanda mwingine kwenye kipaza sauti, kisha ikaanguka. Si yeye. Si yeye. Si yeye. Mtu hawezi kuishi hivyo mara arobaini kwa asubuhi moja. Siku moja alitapika kwenye ndoo ya taka, akaenda kuomba misumari minne kwa seremala. Basi ndivyo alivyoacha kusikia.

Sasa tuje kwenye Jumatano yenyewe. Alirudi kutoka kazini mapema, akamkuta wifi ameshaweka redio dirishani kama kawaida, na fundi viatu wa ng'ambo ya njia amehamia uani na kigoda chake, kiatu cha mtu mapajani. Mama Misumari alikaa kwenye ngazi akichambua mchele. Hakuwa na haja ya kipindi. Kwake kile kilikuwa kazi ya juzi.

Bwana Koo, mtangazaji, mtu mfupi mwenye sauti ya kumtosha jitu, alifungua kipindi kwa maneno yake ya kila siku: walio mbali, tunawakumbuka, walio nyumbani, tunawashukuru. Askari wa kwanza akasalimia. Wa pili. Wa tatu akakohoa, akasema:

"Naitwa Kijiko, na sababu ni kijiko, kinakaa mfukoni hata nikilala. Namsalimu shangazi yangu, akisikia mtu anasema nimekonda asimwamini."

Sahani ya mchele ilibaki hewani mikononi mwa Mama Misumari. Kijiko hakumjua. Nyumbani jina la mtoto wake lilikuwa Babu, kwa kuwa alirithi jina la babu yake. Lakini sauti ile aliijua kabla haijajua kusema.

"Ni yeye," wifi alisema, mkono kinywani. "Ni Babu. Nyamazeni."

Hakuna aliyekuwa akisema kitu.

"Namsalimu fundi viatu," sauti iliendelea, "soli zako bado ziko imara, ila ile drafti ya mwisho uliniibia. Namsalimu kipa wetu, aache kurukia upande usio na mpira. Namsalimu jirani wa kuku, na jogoo wake aliyekuwa akiniamsha alfajiri. Mwambieni nimemsamehe, huku tunaamshwa na mabaya zaidi. Na mwisho…"

Akaingia mwingine. "Mimi naitwa Mnara, nawasalimu nyote mnaonifahamu…"

Wifi alicheka huku analia, akajifuta kwa khanga, fundi viatu akaapa kwamba drafti ile hakuiba. Kisha, kidogo kidogo, furaha ikaona aibu. Wote wawili walikuwa wametajwa. Jogoo ametajwa. Wakamtazama aliyekaa ngazini.

"Muda, mama," fundi viatu alisema kwa upole. "Si umesikia alisema na mwisho? Muda ndio umemkatili."

"Angeanza na mama yake muda ungetosha," wifi alisema, na neno lilipokwisha kutoka alitamani kulimeza. "Sikukusudia hivyo, wifi."

Mama Misumari hakumsikia. Alikuwa akitazama vidole vyake. Wa tatu kwenye kipindi cha Jumatano ni namba kumi na tisa ya kanda ya Jumatatu, na kanda ya Jumatatu aliikata yeye, nani mwingine. Sauti ya mwanawe ilikuwa imepita kati ya vidole hivi. Aliizungusha mara mbili kwenye misumari, akapitisha wembe katikati ya sentensi, akautupa mkia kikapuni, akanywa chai. Kwenye mkia ule kulikuwa na jina la mtu, na mtu huyo au ni yeye au si yeye.

Usiku ule hakulala, nami sitauelezea. Mnajua usiku wa mtu asiyelala ulivyo.

Alhamisi alifika kazini kabla ya mlinzi kufungua lango. Kikapu kilikuwa kitupu. Alimfuata mfagizi nyuma ya jengo, mzee mmoja mtaratibu aliyemwita kila mwanamke dada.

"Mikia ya Jumatatu umeshaichoma?"

"Mikia ipi, dada?"

"Zile tepe. Za kikapuni kwangu."

"Hizo sichomi siku nyingi," mzee alisema, na akajisifu kidogo. "Moshi wake unanuka. Nazipeleka shambani kwangu. Ndege walikuwa wananimalizia kunde. Utepe ukiutundika, upepo ukipiga unang'aa na kuvuma, ndege hasogei."

Mama Misumari aliomba ruhusa ya saa mbili, ya kwanza tangu vita vianze. Wakaongozana. Kishamba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba za matofali, kipande cha ardhi cha kuweka labda nyumba mbili zaidi. Mzee alikuwa amesimika vijiti kila hatua tatu na kufunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba zile zilining'inia tepe za kahawia, nyingi kuliko alivyodhani, za mwaka mzima karibu. Upepo ulipopita zote zilitikisika pamoja na kutoa mvumo mdogo. Ni kweli hapakuwa na ndege hata mmoja.

Alisimama pale akakosa la kufanya na mikono yake.

"Za wiki hii ziko wapi?"

"Mstari ule wa mwisho, hadi kwenye ua. Hizi za zamani jua limezila, na nyingine nimefungia miche." Mzee alimtazama. "Kwani zina nini, dada?"

"Zina maneno ya watu."

Mzee alivua kofia, akaitazama kunde yake, akaivaa tena. "Mimi niliambiwa ni taka."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuambia."

Wakafungua mafundo wote wawili, mzee upande huu, yeye upande ule. Mafundo ya mzee yalikuwa ya mtu aliyewahi kufuga mbuzi, hayafunguki upesi. Walipata mikia sitini na mitatu. Aliiviringa mmoja mmoja, akaifunga kwenye mtandio wake, na mzee akamsindikiza hadi njiani akiomba msamaha ambao hakuwa anadaiwa.

Kazi ya siku ile aliifanya jinsi ilivyofanyika, sijui vipi. Saa tisa, wenzake walipotoka, alifunga mlango wa chumba cha kukatia, akavaa hedifoni, akaanza.

Wa kwanza aliuweka kinyumenyume, sauti ikatoka kama ya mlevi. Akaugeuza.

"…bila kumsahau mke wangu. Mtoto akizaliwa mpe jina lolote ulipendalo, ila lile la mjomba wako hapana."

Wa pili: "…na mama, ile dawa ya mgongo usiiache, hata ukipata nafuu usiiache."

Wa tatu alikuwa kijana mwenye kigugumizi, aliyetumia mkia mzima kufika kwenye neno moja, na neno hilo lilikuwa "dada." Wa nne akasema: "Na wewe unajijua. Sikutaji, baba yako anasikiliza." Mama Misumari alicheka peke yake, kisha akakumbuka kwamba yule anayejijua alikaa kando ya redio siku ile akangoja, na hakupata kitu.

Wa kumi na moja alimwomba kaka yake msamaha kwa habari ya baiskeli. Wa ishirini aliimba nusu ya wimbo wa kulaza watoto, akasema basi, mwenyewe atajua. Na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuelewa kitu ambacho mtu wa kazi yake alipaswa kukijua kabla ya watu wote. Anayesalimia huanza mbali. Huanza na majirani, marafiki, timu ya mpira, na yule aliye karibu na moyo humweka mwisho, jinsi mtoto anavyoiweka nyama kando ya sahani aile baadaye. Na yeye, kwa miezi sita, kila siku ya kazi, alikuwa ameitupa nyama na kurusha hewani mchuzi. Alijiona mwizi. Hapana neno jingine, alijiona mwizi aliyeingia nyumba za watu mchana kweupe na kusifiwa na mkuu wa redio.

Mkia wa arobaini na moja ulikuwa na tope kidogo. Aliufuta kwa pindo la gauni, akaupitisha kwenye mashine.

"…ni mama. Mama, najua wewe unanisikia kabla ya mtu yeyote, ndiyo maana nimekuweka huku nyuma, nyuma hata ya jogoo. Usinune. Huku ndiko unakokata, kwa hiyo haya hayaendi redioni, ni yako. Siku ile nilipotoka sikwenda moja kwa moja. Nilisimama nje, kwenye dirisha la jikoni. Nilikuona unaosha sahani. Ukaisuuza, ukaiweka, ukaichukua tena ukaiosha. Ileile. Nilihesabu mara tano, lori likapiga honi. Nikasema kumbe, mama hana hasira na mimi, mama anaogopa. Nikaenda nikiwa na amani. Barua sijakuandikia kwa sababu zinasomwa njiani, na zikifika, shangazi unamjua. Nikaona heri ningoje sajenti aje. Haya mama. Kata hapa."

Kisha sauti kavu ya sajenti: "Namba ishirini."

Mama Misumari alivua hedifoni akaziweka mezani polepole. Mtoto alimtegemea kwa kila hatua. Alijua kazi yake, alijua wembe wake, alijua salamu itakatwa wapi na nani atakayekuwa wa mwisho kuisikia kabla haijatupwa. Kitu kimoja tu hakukijua: kwamba mama yake ameshaacha kusikiliza. Mama alikata palepale mtoto alipotegemea akate, wala hakumsikia. Akalia, kilio cha sauti, chumba kile kina kuta za kuzuia sauti na kwa mara ya kwanza alifurahi kwamba zipo.

Bwana Koo alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja kuchukua kanda ya kesho, na kwa wiki tatu alikuwa akimbembeleza akubali kuenziwa siku ya Ijumaa, mama wa chumba cha kukatia, mzazi wa askari, na kwa wiki tatu amekuwa akiambiwa aende akatafute wa maana.

"Kuna nini, mama?"

"Nimekubali," alisema, akijifuta uso kwa mtandio wenye mavumbi ya shambani. "Kesho. Lakini hamnienzi mimi. Mtarusha hii." Akaisukuma mikia juu ya meza, akibakiza mmoja mkononi.

Bwana Koo alivaa hedifoni. Alisikiliza mitatu, akakaa chini. Alisikiliza wa nne, wa anayejijua, akatabasamu, na wa tano ukamwondolea tabasamu. "Iko mingapi?"

"Iliyobaki, sitini na miwili. Mingine iko kwenye kunde, imeungua jua. Hiyo siwezi kuirudisha, na nitakwenda nayo kaburini."

"Na huo ulioushika?"

"Huu si wa redio."

Mkuu alipoombwa alivuta mdomo, akataja muda, akataja utaratibu, mwishowe akakubali kwa shingo upande. Asubuhi ya Ijumaa Mama Misumari alipiga simu ofisi ya jeshi, akampata sajenti mwenyewe, na akaustaajabia udogo wa sauti yake pale isipotaja namba. Akamuuliza habari za Kijiko.

"Kanda ile ina wiki sita, mama," sajenti alisema. "Kambi imehama mara mbili. Mimi mwenyewe sijui walipo. Nikijua sitaruhusiwa kukwambia, lakini hata kujua sijui."

"Wana redio?"

"Walikuwa nayo."

Saa kumi ilipofika, mikia ilikwenda hewani, mmoja baada ya mwingine, bila namba, bila maelezo, mikunjo ya mafundo ya mzee ikigonga kidogo kila ilipopita kwenye mashine. Nasikia kuna nyumba mtu alipiga magoti mbele ya kabati la redio, na kuna baba aliyemgeukia binti yake akamtazama kwa muda mrefu. Mimi sikuwapo huko, nasema niliyoambiwa.

Kisha taa nyekundu iliwaka kwenye chumba kidogo, na Mama Misumari akaketi mbele ya kipaza sauti, mikono mapajani. Bwana Koo alimwonyesha saa. Nusu dakika, sawa na watu wote. Hakumsalimu wifi, wala fundi viatu, wala jirani wa kuku. Alianza na wa mwisho.

"Mwanangu Kijiko. Nimekusikia. Nimechelewa, lakini nimekusikia. Sahani imetakata. Rudi uje uilie."

Sekunde kumi zilikuwa zimekwenda. Bwana Koo alisogea mbele ili aendelee yeye, maana redio haipendi kimya. Mama Misumari aliinua kiganja, asubiri. Zilizobaki aliziacha tupu, akikitazama kile kipaza sauti, kwamba huenda huko mwanawe aliko ana la kujibu na yeye hataki kumkatiza. Hakuna kilichojibu. Taa ikazimika.

Alipofika nyumbani wifi alikuwa amesimama langoni, macho mekundu. "Kwa hiyo ulikuwemo."

"Nilikuwemo."

"Alisema nini?"

"Alisema nikate vizuri."

Wifi alitaka kuuliza zaidi, na safari hii akili ikauwahi ulimi. Akamwachia njia. Mama Misumari aliingia ndani, akatoa mfukoni kibiringo cha uzi alichouviringia mkia ule, akakiweka dirishani jikoni. Ule ubao wa misumari alikuwa ameuacha kazini karibu na ndoo ya taka, na Jumatatu kulikuwa na kanda mbili mpya za kusikiliza, askari themanini, labda siku tatu za kazi. Alikula kwenye bakuli, peke yake. Kisha aliichukua ile sahani, akaiosha mara moja tu, akaifunika.